Moto wa Kalembe Haukuwa Wako

Shemeki yangu Bahati,

Moto uliounguza kilima cha Kalembe hukuuwasha wewe. Nimelijua hilo tangu saa ile ile moshi ulipopanda, nikalificha, nikazeeka nalo.

Ninakuandikia kutoka Kirotshe, katika chumba nilichopanga karibu na hospitali. Daktari siku hizi anazungumza nami kwa upole ambao zamani hakuwa nao, nami nimemwelewa. Watoto wangu wametawanyika, kila mmoja alikokimbilia. Mchana ninasikia watu wakipita barabarani wakisalimiana, na hakuna anayesimama kwangu isipokuwa mama mmoja wa Ntoto anayeuza mawese. Ndiye aliyeniambia kwamba ulizikwa huko, kwa ndugu za mama yako. Nilimuuliza kama uliwahi kunitaja. Akasema hapana.

Kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Nimeomba isomwe kanisani Kalembe, watu wakiwa bado wamekaa, maana watoto wako mpaka leo wananyimwa shamba la babu yao kwa sababu ya jina ulilobandikwa, Bahati Muchoma-Kilima. Jina hilo ni langu.

Wengi watakaosikia hawakutujua wakati ule. Mimi nilikuwa mtafiti wa misitu, mtu wa Masisi aliyesomea mbali na kurudi na mizani. Wewe ulikuwa mwindaji, kaka mkubwa wa mke wangu Furaha, nami nilikuandika kazi kwa sababu yeye alisema nisipokuandika nitapotea msituni na atakuwa mjane bado kijana. Tulitafuta majibu ya maswali mawili. Mkulima anapochoma shamba lake kabla ya kupanda maharage, asafishe njia ya upana gani ili moto usiruke kuingia msituni? Na ajuaje kwamba leo majani yamekauka mno, asiwashe?

Swali la pili kila mmoja wetu alilijibu kwa namna yake. Mimi nilikusanya majani yaliyoanguka, nikayapima, nikayakausha juu ya jiko ndani ya debe, nikayapima tena, nikapiga hesabu ya maji yaliyotoka. Wewe ulichota konzi moja chini ya mti, ukalifinya karibu na sikio. Yakinyamaza, tunachoma. Yakilia, tunarudi nyumbani.

"Shemeki," ulinicheka siku ya kwanza, "mi nimemaliza kazi, we bado unapika majani. Ukimaliza utaniwekea chumvi?"

"Sikio lako haliandikwi kwenye ripoti," nilikujibu.

"Basi andika balansi yako ya kupima majani, lakini usikilize sikio yangu."

Misimu mitatu tulilinganisha, na mara chache sana mizani ilikukosoa. Nakumbuka tulivyokaa juu ya gogo tukila mihogo ya kuchoma, ukinieleza kwa nini moto uwashwe juu ushuke polepole, usiwashwe chini ukapanda mbio. Nakumbuka pia sheria tuliyojiwekea wenyewe: kiberiti kinakaa kwako peke yako, na hakitoki mfukoni mpaka watu wa salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wamesimama kwenye ile njia iliyofyekwa, kila mmoja na tawi bichi mkononi. Kijiji kizima kiliijua sheria hiyo. Ndiyo iliyokuangamiza.

Siku ile wageni kutoka Goma walikuwa waje kesho yake kuona jaribio letu. Nilitaka wakute shamba lililoungua vizuri, jeusi, na moto umekoma mahali nilipochora. Asubuhi ulichota majani kule juu, ukafinya, ukatikisa kichwa.

"Leo hapana. Majani inalia kama mutoto."

"Mizani inasema yana maji."

"Ulichukua wapi yako? Kule chini, karibu na kijito? Shemeki, kule hata mawe iko na maji."

Ulisema kweli. Nilikuwa nimechoka kupanda, nikachukua majani ya bondeni, kivulini. Lakini sikupenda kusahihishwa mbele ya ripoti yangu mwenyewe.

"Nashuka kuambia batu ya salongo basikuje," ulisema.

"Niachie kiberiti, nichemshe chai."

Ulinipa bila kuwaza, kama mtu anavyompa mume wa dada yake kitu chochote.

Sikuchemsha chai. Ulipopotea kwenye kona ya njia niliwasha, peke yangu, na tena upande wa chini wa shamba, kwa sababu ndipo nilipokuwa nimesimama. Nilidhani nitakuonyesha. Kwa muda mfupi moto ulienda vizuri, kisha upepo ukageuka, nao moto ukairuka njia yetu kana kwamba hatukufyeka kitu. Moto uliteketeza miti ya jaribio, maharage ya upande mzima wa kilima, mizinga ya asali, na ukingo wa msitu uliokuwa umejaa matawi makavu ya wapasua mbao. Nilikimbia kando, nikakitupa kiberiti motoni.

Barazani chifu aliuliza, "Nani anatembeaka na kiberiti?"

Wote walitaja jina lako. Mama mmoja akasimama, akilia huku akikunyooshea kidole. "Mi nilimuona na macho yangu! Anashuka mbiombio, moshi iko mu mugongo yake!"

Wewe ulinigeukia. "Muulize shemeki. Ye njo alibakia kule ku shamba."

Walinigeukia wote. Nikasema, "Nilikuwa naandika. Sikuona moto ulivyoanza."

Uliniangalia. Naamini ulimwona Furaha kati yetu, na watoto wake waliokula kwa kazi yangu. Kisha ukasema, "Basi. Kama mutu ya masomo anasema vile, njo vile." Kabla ya Jumapili ulikuwa umekwenda Ntoto na mke wako na watoto, na shamba la baba yenu wakapewa wengine.

Katika ripoti niliandika "kosa la msaidizi". Kazi ile ilisifiwa. Nilishauri njia iwe pana mara mbili, na majani yapimwe kwa kufinywa karibu na sikio, jambo ambalo mkulima yeyote anaweza kulifanya bila mizani. Walinipongeza kwa wazo hilo. Jina lako halimo.

Juzi niliokota majani ya mkaratusi hapo uani, nikayafinya karibu na sikio langu. Sikusikia kitu. Si kwamba yalikuwa mabichi, ni mimi niliyekuwa kiziwi. Nilitamani kuwe na mtu wa kumwambia jambo hilo, anicheke. Wewe ungenicheka.

Watu wa Kalembe, rudisheni shamba lile kwa watoto wa Bahati. Mkitaka kumlaani mtu, kaburi langu halitakuwa mbali.

Nawe shemeki, lala. Sikuombi unisamehe, maana moto si jambo baya kuliko yote niliyokutendea. Limebaki moja, na hilo hata padri sijamwambia.

Furaha hakuwahi kukuhukumu. Miaka mingi hakuuliza kitu, alikuwa akinisubiri mimi niseme. Katika wiki ya mwisho ya ugonjwa wake alinishika mkono, akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Papa Neema, niambie tu ukweli. Ni kaka yangu njo aliwasha? Kama haiko yeye, tuma mutu amuite. Nataka nimuone."

Njia ya Ntoto wakati ule ilikuwa wazi. Binamu yenu alikuwa amekaa mlangoni, viatu miguuni, tayari kuja kukuita.

Nilimwambia ni wewe.

Shemeki yako,
mume wa Furaha