Kwa Munyemana, Aliyekwenda Gisenyi kwa Pikipiki

Mwaka umetimia sasa, Munyemana, tangu uwashe pikipiki yako asubuhi ile na kutuacha tumesimama uani Gihundwe, hapa Cyangugu. Kifuani, chini ya koti, ulikuwa umejaza magazeti ya zamani ili baridi ya milimani isikuingie. Dada yako Joséphine ndiye ameshika kalamu kwa niaba ya wote, kwa sababu mke wako Védastine amesema hana neno la kuandika. "Muandike tu," amesema, "miye nitasikiliza."

Ulikuwa fundi wa pikipiki pale Kamembe, karibu na njia ya uwanja wa ndege. Mikono yako haikuwahi kutakata. Ulisugua kwa sabuni ya unga, ukasugua kwa mchanga, na bado kikombe chako cha chai kilinuka petroli. Ulikula umesimama. Ulikuwa mbishi pia, tusidanganyane kwa sababu umekufa. Lakini yule mama wa Bweyeye aliposhindwa kujifungua, na matope yamefunga njia, nani alimfuata? Ulimfikisha hospitali, ukarudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, ukauliza kama kuna ndizi zilizobaki.

Januari mwaka jana redio ikasema volkano imeunguza Goma. Huko ndiko alikokuwa akikaa mama mkwe wako, Nyiraneza. Sisi wengine tuliozaliwa na kulelewa Congo tulirudi Rwanda mwaka wa tisini na nne. Yeye alikataa, akasema hawezi kuacha kibanda chake cha unga. Védastine alitafuta habari zake siku nne, akasikia tu kwamba watu wa Goma wamekimbilia Gisenyi, upande wetu wa mpaka. Kupita upande wa Bukavu haikuwezekana, vita bado ilikuwa inaendelea kule, na gari la moja kwa moja halikuwepo. Siku ya tano ukagusa usukani wa pikipiki, ukasema, "Naenda na moto. Peke yangu, ndiyo nafasi ya nyuma ibaki ya Mama."

Ulichukua pampu, tyubu mbili, kidumu cha petroli na viazi vitamu vya kuchemsha. Tulifikiria mvua, tukafikiria askari wa vizuizini, tukafikiria pancha. Wala hakufikiria hata mmoja wetu, watu wazima wote tuliokuwa pale uani, mama mkwe atakaaje nyuma ya mkwe wake. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hata jina lake halitamki. Wewe mwenyewe ulikaa miaka kumi ukimsalimia huku unatazama ukuta. Ee Mungu, tulisahauje?

Ulikwenda Ntendezi, Kirambo, Kibuye, Rutsiro, kona juu ya kona, ziwa likiwa chini kushoto kwako. Siku mbili. Rutsiro ulilala kwa mtu usiyemjua, ukamtengenezea baiskeli yake kabla ya kuondoka. Gisenyi ulimkuta Mama kwenye uwanja wa shule pamoja na wakimbizi wengine, amekalia mkeka, na mali yake yote ni sufuria moja.

Yeye mwenyewe ametusimulia mazungumzo yenu. Ulisimama mbali, umegeuza uso.

"Mama, nimekuja kubachukua. Védastine halale usiku juu yenu."

"Nitapanda apo nyuma yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mikono yangu nitashika wapi?"

Ukainama, ukakaza kamba ya kidumu.

"Unaona? Hata weye haujui. Afazali niende kwa miguu mpaka Cyangugu."

Hukubishana, wewe uliyebishana na kila mtu. Nadhani moyoni ulishukuru. Ulizunguka soko zima mpaka ukampata Kabera, dereva wa lori la viazi aliyekuwa anashuka Cyangugu, ukamwombea Mama kiti cha mbele. Mkeka na sufuria ukavifunga kwenye pikipiki, ukafuata lori nyuma, ili likiharibika njiani fundi awepo.

Baada ya Kibuye mvua ilianza. Kabla ya kufika Kirambo, lori lilipita mahali ambapo ukingo wa barabara ulikuwa umelowa. Uzito wake ukaulegeza, na ulipofika wewe, ukingo ukakatika nawe. Kabera alitazama kwenye kioo akaona ukungu mtupu. Alisimamisha gari, akarudi mbio, akakuona chini kabisa, kwenye bonde. Alikimbia kuita wanaume wa kijijini walete ngobyi ya kubebea wagonjwa. Walipofika na ngobyi ulikuwa umekwisha.

Habari ilimkuta Védastine anapiga pasi sare ya shule ya mwanenu Umuhire. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga pasi mkono wa pili wa ile sare, akaukunja vizuri, akauliza nani amezima redio. Hakuna aliyeizima, ilikuwa inalia mezani.

Hakulia siku hiyo, wala kwenye mazishi, wala siku ya kumaliza matanga. Majirani walinong'ona, na sisi pia tulinong'ona, tukubali kosa letu. Kumbe hakuwa na kiburi. Alisema anasikia kama mkono uliolaliwa, anajua ni wa kwake lakini haumwitikii. Chakula chenye chumvi na kisicho na chumvi kwake kilikuwa kimoja. Kuna siku alikata kidole kwa kisu, na mtoto ndiye aliyeiona damu.

Lakini swali moja lilikuwa halimwachi. Kwa nini Mama hakupanda? Angepanda, mngekwenda polepole. Mngepumzika Kibuye, mvua ingewapita. Mama angefika, na wewe ungefika. Mwaka mzima amekaa jiko moja na mama yake bila kuuliza, na maneno yao yalikuwa "maji yako wapi" na "leta mwiko". Mama alikula peke yake, baada ya wote.

Wiki mbili kabla ya Misa yako ya mwaka, Védastine alimwambia Joséphine, "Misa ikiisha nitamutafutia Mama nyumba ingine. Sina hasira, unielewe. Sina kitu. Ila siwezi tena kumuona kila asubui."

"Na aende wapi, muntu mwenye nyumba yake iliungua?"

"Sijue."

Alikuwa amekwisha kusema, na mke wako unamjua, akisema amesema. Tulijua kwamba siku ile ya Misa, ya kumaliza kilio cha mwaka, tukishakunywa na kuaga wageni, Mama atafunga mkeka wake.

Jumapili iliyopita Misa ilijaa. Kabera naye alikuja, hatukumwalika, alisikia tu. Baada ya chakula alisimama mbele ya watu kutoa pole, akasema anachokumbuka zaidi ni mama mkwe. Akasimulia kwamba alipokuwa akikimbia kuita watu, yule mama mzee alikuwa ameshashuka bondeni kwa makalio, kwenye matope, peke yake. Waliporudi na ngobyi walimkuta amekaa chini, kichwa chako kiko mapajani mwake, amekishika kwa mikono yote miwili.

Watu wakainamisha macho. Mama Nyiraneza akainuka, akaingia jikoni. Alikuwa hajamwambia mtu. Mama mkwe kumpakata mkwe wake, jambo hilo ungeanza kulisema wapi?

Védastine akamfuata. Joséphine alifuata nyuma na sahani chafu mkononi, akaishia mlangoni, na anaomba radhi kwa kusikiliza.

Védastine alichukua kikombe, akakisuuza. Kisha Védastine akauliza, si lile swali la mwaka mzima. Aliuliza, "Mama, alikuwa bado anapumua?"

"Alikuwa anapumua."

"Alikuwa muzito?"

Mama alitazama viganja vyake.

"Hapana, mwanangu. Hakukuwa na uzito. Alikuwa anajikaza shingo, anainua kichwa, asinilalie. Nikamwambia, Munyemana, lala tu, miye mama yako. Akakataa. Aliniheshimu mpaka shingo ikashindwa. Ndipo nikasikia uzito wake."

Hapo Védastine akalia, Munyemana. Alilia kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake, wageni wakaacha kunywa, watoto wakaja mbio. Alimkumbatia mama yake shingoni akawa anapiga kelele, "Huyu mubishi! Huyu mubishi wangu!" Na Mama akamwambia, "Lia, mwanangu, lia," naye akalia mpaka jioni.

Amelia kila siku tangu hapo. Anasema sasa inauma sana, kila mahali. Jana alionja mchuzi akasema chumvi imezidi.

Pumzika, mume, baba, ndugu. Sasa legeza shingo, hakuna wa kumwonea haya.

Wanaokukumbuka ni mke wako Védastine. Watoto wako Umuhire na Tuyishime. Dada yako Joséphine. Na mama yako Nyiraneza, ambaye anakaa nasi Gihundwe na haondoki.

Siku zote tutakuwa nawe mioyoni, Munyemana.