Wingu Lilikuwa Kubwa Kuliko Ulivyosema

Kugo wangu, babu yangu,

Tangu tulipokuzika, ng'ombe wako mwekundu amezaa. Kogo, nyanya yangu, amelikata koti lako mikono, nami nalivaa nikikamua. Lakini leo nakuandikia juu ya wingu.

Uliposimulia jinsi kampuni ya chai ilivyokutuma kurusha roketi mawinguni ili mvua ya mawe isiharibu majani, Kogo alikuwa akikucheka: "Hujapiga hata sungura, mzee, ukapige mbingu?" Nasi watoto tulicheka pamoja naye.

Juzi nililiona mwenyewe. Mchana ulikuwa na joto sana. Tulikuwa tukichuma majani na Mama, wingu likaanza kufura juu ya vilima kama maziwa yanapochemka. Likapanda, likapanda, mpaka shingo ikaniuma. Chini lilikuwa jeusi, juu liling'aa. Nikasahau kikapu. Mama akapiga kelele, "Chebet, utakufa ukishangaa!" Kugo, kweli ulisimama chini ya kitu kama kile?

Mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha kwamba hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda vilima vyetu, na joto la ardhi huisukuma juu mpaka maji yake yanakuwa barafu. Ardhi na ziwa vikizidi kupata joto, wingu linaweza kupata nguvu zaidi. Au hewa ya chini ikiwa na joto zaidi, mawe yatayeyuka njiani, yatufikie kama mvua tu. Alisema wataalamu wenyewe bado wanatafuta.

Basi juzi ile mawe yaliangusha majani yote. Michai uliyopanda ilibaki vijiti. Jioni Mama alishika jembe, akaniuliza, "Wewe unayesoma, mawe yatazidi? Kama yatazidi, ning'oe nipande nyasi za ng'ombe." Nilitamani sana kusema hayatazidi. Ni michai yako, Kugo. Nikasema, "Bado haijulikani, Mama."

Aliweka jembe chini, akachukua kisu cha kupogolea. "Basi tutapogoa. Siku utakayojua, uniambie."

Pumzika, Kugo. Nitasoma mpaka nijue. Na nitamwambia kweli, hata kama kweli yenyewe itakuwa ni kung'oa.

Mjukuu wako anayekupenda,
Chebet