Mkunga Aliyefumba Macho

Nyanchama, siko sawa. Unakumbuka yule mteja wa Mombasa aliyeagiza mikunga wa mawe?

Ni samaki wadogo wembamba wa baharini. Kila mmoja anaishi kwenye shimo lake mchangani, mkia ndani, kichwa nje. Baba alichonga kumi na wawili, mimi nikawapiga msasa.

Leo mteja amefika hapa Tabaka, akashika mmoja akauliza, "Mbona huyu amefumba macho? Samaki hafumbi macho."

Nimewasugua mwenyewe na sikuona. Amefumba kabisa.

Baba akasema polepole, "Huyo ni Lewis. Udongo ulipoporomoka machimboni ulimfika kifuani. Nikamwambia afumbe macho vumbi lisimwingie, nikakimbia kuita watu."

Miaka sita, Nyanchama. Miaka sita Baba ametuambia kaka yangu alikufa papo hapo.