Betri Iliyooshwa kwa Maji Baridi

Jumanne, 19 Agosti 2025

Swichi kuu imeruka tena. Gari likiwa kwenye chaji, friji haiwashwi; friji ikiwashwa, pasi haichomekwi; na pasi ikichomekwa na mtu asiyejua – leo alikuwa mama mkwe, Bi Mwanasiti – nyumba nzima inazimika na mimi ndiye ninayeulizwa, kwa kuwa gari hili ni wazo langu.

Ni wazo langu kweli. Nilipanga hoja zangu kama nilivyofundishwa chuoni: petroli huku kwetu kisiwani huja kwa mapipa, na boti isipovuka watu hukaa, umeme tunao, ingawa dhaifu, na safari za Kilindoni hadi Utende, hata ukiongeza Kanga, hazimalizi chaji ya siku. Hoja zote zilikuwa nzuri. Ile ya kweli sikuisema mbele ya watu: nilitaka mume wangu alale nyumbani. Kheri alikuwa fundi wa mashine za boti. Alikuwa akienda Songosongo na boti za Luqmani, anarudi baada ya majuma mengi, na Safia wetu akimwona baba yake anajificha nyuma ya mlango kama aliyeona mgeni. Sasa Kheri anabeba abiria kwa gari la umeme, na kila jioni viatu vyake viko kizingitini.

Luqmani alipita leo. Akalitazama gari lilivyofungwa waya unaotokea dirishani, akamwambia Kheri hajawahi kuona chombo kimetiwa nanga kwa kamba nyembamba vile. Wakacheka. Kisha akasema boti yake kubwa inaondoka mwanzoni mwa mwezi ujao, na haina fundi.  Kheri aliuliza mashine ni ya aina gani.

Alhamisi, 21 Agosti

Ekstensheni imeyeyuka. Nyumba inanuka plastiki. Kheri anasema waya ni mwembamba. Aliyetufungia umeme anasema waya hauna kosa, gari ndilo lina njaa. Bi Mwanasiti anasema arudishiwe jiko lake la mkaa, hayo mengine tuyamalize wenyewe.

Nimeshindwa kusahihisha hata daftari moja. Taa inapepesa kila gari linapovuta.

Jumapili, 24 Agosti

Gari limeingia baharini. Naandika hivyo kwanza, nisije nikalizungukazunguka.

Kheri alikodiwa kwenda Kanga kupokea vyombo vya bibi harusi vilivyoletwa kwa boti. Wenye harusi hawakutaka kubeba magodoro hadi barabarani. Wakamwomba ashuke ufukweni, akashuka. Ni bamvua hii, maji yanajaa kwa kasi, na yeye ni mtoto wa pwani. Anasema alijua, alitegemea kuwahi. Lakini wanawake walikuwa bado wanabishana nani apakate sufuria za bibi harusi. Magurudumu yakazama mchangani. Maji yakapanda hadi chini ya milango, mengine yakaingia miguuni. Watu wa Kanga wakalisukuma kwa vigelegele, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Likawaka. Amerudi nalo hadi hapa Kiegeani bila tatizo.

Alipofika hakuingia ndani. Alivuta mpira wa maji kutoka kwenye tangi, akaanza kuliosha kama anavyoosha kila mashine iliyoonja chumvi: maji baridi, mengi, mpaka chumvi yote itoke. Aliosha chini, akaosha magurudumu, akang'oa mazulia, akaosha ndani. Katikati ya sakafu kuna kifuniko kidogo. Akakifungua na pale pia akapaosha. Nilimpelekea chai. Aliniambia, "Mama Safia, ukiilaza chumvi na chuma usiku mmoja, asubuhi wewe na mashine hamjuani tena."

Nilikaa nikimtazama. Baada ya hofu ya mchana kutwa, nilijisikia nimeolewa na mtu mwangalifu.

Jumatatu, 25 Agosti

Halijawaka. Taa nyekundu kwenye dashibodi, kisha hata taa hiyo haipo.

Nimempigia Costantine, fundi wa magari ya umeme aliyeko Dar. Swali lake la kwanza: limeingia maji gani? Kheri akachukua simu akajibu, ya bahari. Nilikuwa kando yake. Sikutaja mpira wa maji. Kwa wakati ule yale maji mengine nilikuwa nayahesabu kama dawa.

Costantine akasema tusilichomeke kabisa. Akasema pia tulisogeze mbali na nyumba, kwa kuwa betri iliyoingia maji ya chumvi huweza kuwaka moto yenyewe, hata baada ya siku kadhaa. Nikauliza umbali gani. "Mbali, dada. Mbali ya kutosha likiungua usilie."

Bi Mwanasiti alikuwa akisikiliza huku anakuna nazi. "Gari la petroli likiingia maji linazima," alisema. "Lenu likiingia maji linawaka. Haya, tumeendelea."

 

Jumanne, 26 Agosti

Nani anataka bomu karibu na paa lake la makuti? Siku nzima imekwenda kwa swali hilo.

Tulianza kulisukuma kuelekea minazini nyuma ya kwa Ussi, jirani yetu. Ussi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwalimu, hilo limeoga bahari, likaoga kisima, na bado lina moto? Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hapo hapana." Nikaanza kumweleza. Nilitumia dakika nyingi na maneno mengi, na nadhani nilimtisha zaidi. Mwishowe vijana wa mpira wakatukubalia tuliweke kando ya kiwanja chao, kwa sharti kwamba siku ya mechi lisimame nje ya mstari.

Jioni nimesoma sana kwenye simu. Natamani nisingesoma. Boksi la betri limezibwa ili lihimili maji yanayorushwa na magurudumu. Baadhi ya magari hupita kwenye madimbwi makubwa kuliko ile bahari ya Kanga iliyoishia chini ya milango. Lakini kifuniko cha katikati hakifunguliwi na mtu asiye fundi wake, na maji hayatiwi pale, yawe ya chumvi au baridi. Hilo limeandikwa kila mahali kwa herufi kubwa.

Basi nimeanza kushuku ule mpira wa maji.

Lakini mimi si fundi. Mwalimu wa jiografia aliyesoma jioni moja anaweza kujithibitishia lolote. Huenda bahari ilishaingia kwa chini, na kuosha hakukuongeza wala kupunguza. Gari lilirudi kutoka Kanga likiwaka, ndiyo. Lakini mgonjwa naye huweza kutembea hadi hospitali.

Nilimgusia Kheri kwa mbali sana: pengine sababu ni zaidi ya moja? Alinielewa upesi kuliko nilivyotaka. Alisema, "Kama ni bahari, nitashindana nayo, tumezoeana. Kama ni mkono wangu, basi nimeua riziki ya nyumba kwa kutojua. Mtu asiyejua arudi kwenye anachokijua. Nitakwenda na Luqmani." Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

Ijumaa, 29 Agosti

Mpira uligonga kioo cha gari mara mbili. Vijana wanasema ni beki wao mpya. Limezoeleka, halijatoa hata moshi, na wazee wameanza kuliegemea. Nimewaomba wasiliegemee. Wananiitikia kwa adabu, nikigeuka wanaegemea.

Kheri ametoka msikitini akapitiliza chumbani. Nimeambiwa na Ussi kwamba mmoja alimwuliza kama gari lake linavuliwa kwa nyavu au kwa mshipi. Aliwajibu, "Bahari haina kesi, ndugu zangu," wakamwitikia kweli, haina. Ni jibu zuri. Linamweka salama mbele za watu. Kila akilisema nahisi kama mtu anayeshikilia ngazi chini ya mwenzake, naye anajua kuna kipago kimeoza.

Luqmani anataka jibu Jumapili. Boti inatoka Jumatatu alfajiri.

Costantine, tuliyemwomba aje, ameanza safari mapema kuliko alivyosema. Yuko bandari ya Nyamisati, kesho anavuka. Jumapili anafungua betri.

Jumapili, 31 Agosti

Wameishusha betri asubuhi, Costantine na jeki zake, na vijana wa mpira waliopanga matairi mabovu ya kuipokea. Kheri alimpa spana kabla hajaiomba. Kwa muda walifanya kazi kama watu waliofunzwa na fundi mmoja. Kheri hakuacha kumsimulia maji ya Kanga: yalivyopanda, yalivyovuta mchanga chini ya tairi. "Ukifungua utakuta chumvi nyeupe kama unga wa muhogo." Costantine aliitikia tu, mh, mh, kama wanavyoitikia wageni wa bara wanapohofia kumkatiza mwenyeji.

Kheri alipokwenda kuswali Adhuhuri, Costantine aliniita.

Hakuna chumvi. Nimetazama mwenyewe. Pembeni na chini, ambako bahari ingeingilia, pakavu. Chini ya kile kifuniko cha katikati kuna maji safi yaliyotuama na kutu changa inayoanza. "Bahari haikufika humu, dada. Haya yamemwagwa kutoka juu."

Kisha akanionesha ukingo wa kifuniko. Lastiki yake ya kuzibia haipo. Kuna gundi nyeupe ya madirisha, imepakwa kwa kidole. Kuna mtu alishafungua kabla yetu, akaziba kihuni. Lastiki ya kiwandani ingepunguza madhara, anasema, pengine yote, pengine nusu, hawezi kuapa. Akauliza nani alilikagua gari wakati wa kununua.

Mimi. Nililikagua kwa picha. Kheri alitaka avuke Dar akalione kwa macho, nikamwambia muuzaji ameniridhisha.

Seli zilizokufa si nyingi. Costantine anaweza kuzibadilisha, na gari litatembea. Nilitegemea kufurahi zaidi. Costantine alifuta mikono polepole, akasema, "Ukitaka niseme ni bahari, nitasema. Mimi kesho niko Dar. Ila siku likionja chumvi tena ataliosha tena. Na mara ya pili mimi sitakuwa na cha kutengeneza. Inawezekana yeye pia hatatengenezeka, maana pale alipotia mkono pana umeme wa kuua."

Tumerudi nyumbani; nimemwacha mgeni uani, nikaingia ndani kumpakulia chakula. Chakula kimeshapakuliwa, kimefunikwa. Nimekaa kitandani na daftari hili.

Nikisema, Kheri anakwenda. Nisiposema, anabaki, na mpira wa maji unabaki pale kwenye tangi. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu na kila niliyoipata ilikuwa uongo uliovaa vizuri. Naweza kuanza na ile gundi: kosa langu kwanza, la kwake baadaye. Lakini ni haki hiyo, au ni kumpa tende kabla ya shubiri? Namfahamu. Atasikia nusu moja tu, na haitakuwa yangu. Hata sina hakika ninachokitaka. Pengine nataka ajue ili asife. Pengine nataka ajue ili wazo langu lisiwe ndilo lililoshindwa. Haya mawili yamekaa pamoja, na nimeshindwa kuyatenganisha.

Kheri amerudi. Luqmani amekuja naye, yuko barazani na Bi Mwanasiti, wanazungumzia bei ya pweza. Kutoka dirishani nasikia Kheri akimwuliza Costantine, haya bwana, bahari imekula nini? Costantine amemjibu kwamba kila kitu amemweleza mama Safia, na kwamba yeye anaomba maji ya kunawa.

 Barazani wameacha habari ya pweza.

Kheri ameniita. Nimeitikia nakuja, na bado nimekaa.

Ameniita tena. Sasa ameniita kwa jina langu mwenyewe, kama alivyokuwa akiniita kabla hatujapata mtoto. Nasikia viatu vyake vinakuja ukumbini. Nitaanza na