Vanessa Ndiye Anayesoma

Mbarara, 12 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini goti limepoa na usiku unalala. Mimi ni mzima, ila mikono imeanza kuzeeka kabla yangu kwa sababu ya sabuni. Karanga zako dereva Modeste amenifikishia. Nimezila peke yangu jikoni, sikumpa mtu, Mungu anisamehe.

Jumapili tulitoka. Madamu alikuwa na kikao cha harusi ya ndugu yake, akaniambia niwapeleke watoto kuogelea kwenye pisini ya hoteli moja huku mlimani. Benitha ana miaka tisa, akaruka majini bila hata kuaga. Yonatani ana mitano, akaning'ang'ania shingoni mpaka nikaingia naye, na sketi yangu yote, watu wakacheka. Nikamshika tumboni, nikamwambia apige miguu. Mwisho akajiachia. Mama, ungemsikia! "Dada Yvette, niangalie! Niangalie!" Nilimwangalia saa mbili nzima. Tukala chipsi, nikawakausha nywele, na njiani wakalala wote wawili, mmoja bega hili, mwingine bega lile.

Jioni nikimaliza vyombo nafuma. Vitambaa vya meza sasa vinanitoka vizuri. Kimoja Madamu amekitandika juu ya televisheni, anawaonyesha wageni.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mama Godeberthe, wewe unayesoma, tafadhali angalia kwanza kama Vanessa ametoka nje.

Siku nilipokuja kuomba kazi, Madamu aliniuliza kama nina mtoto. Msichana aliyenitangulia alikuwa naye, kila wiki anaomba ruhusa, wakamwachisha. Nikasema sina. Neno lilitoka lenyewe. Sasa ni mwaka na miezi minne, na kila siku linazidi kuwa gumu kulirudisha. Ndiyo maana simleti Vanessa huku hata siku moja. Picha yake naificha ndani ya Biblia. Usimwambie mtoto, Mama. Akue kwanza.

Msalimie. Viatu vyake vya shule anavyo Modeste.

Mwanao,
Yvette

*

Misiera, kambi ya Nakivale, 19 Machi 2025

Mwanangu Yvette,

Uhali gani? Huko mvua imefika? Huku imefika na maharagwe yameota vizuri, tunamshukuru Mungu. Goti langu ni lenye ujanja: nikitaka kwenda kwenye maombi linauma, nikitaka kwenda sokoni linanyamaza.

Habari kubwa ni kwamba Godeberthe hayupo tena. Yeye na mume wake Térence wamerudi kwao Burundi mwisho wa mwezi wa pili. Tulilia pale kwenye magari mpaka nikaona aibu. Ameniachia sufuria yake kubwa. Kwa hiyo barua yako ilipofika sikuwa na msomaji. Modeste anajua kusoma, lakini ukimpa barua asubuhi, jioni Misiera nzima inajua unaumwa wapi. Nikamwita Vanessa. Kumbe shule ya Jumapili imemfundisha Kiswahili, anasoma kama mhubiri! Hii pia anaiandika yeye. Mimi nasema, yeye anaandika. Makosa ni yake.

Yvette, barua hiyo imenitoa machozi. Mambo ya pisini aliyasoma haraka haraka. Halafu akafika mahali akasimama, akaenda kunywa maji. Akarudi, akaangalia karatasi, akaenda kunywa tena. Nikamuuliza, mwandiko mbaya? Akasema ndiyo, mama aliandika akiwa na usingizi. Kisha akaendelea. Akasoma kwamba siku ya kwanza kabisa Madamu alikuuliza kama una mtoto, nawe ukamjibu bila kuogopa: ninaye, anaitwa Vanessa, ana miaka kumi. Kwamba picha yake umeibandika ukutani juu ya kitanda. Kwamba Madamu anasema siku moja lazima aje aogelee pamoja na hao wawili. Nilimwambia arudie kunisomea pale pale.

Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakulaumu moyoni. Nilikuwa nasema, huyu Yvette mtoto wake amekuwa neno "msalimie" mwishoni mwa karatasi. Sasa nimetulia.

Viatu vimemtosha, vinabana kidogo kwenye kidole gumba. Amekataa nivipeleke kwa fundi, anasema vitatanuka vyenyewe.

Mama yako,
Madeleine

Nimeandika mimi, Vanessa.

*

Mbarara, 2 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Salamu. Barua yako nimeipata. Pole kwa kuondokewa na Mama Godeberthe.

Mimi mzima. Kazi ni nyingi wiki hii, wageni wamejaa nyumbani. Nimeanza kuandika mara mbili nikachana.

Vanessa asome polepole, asijichoshe. Viatu vikibana, aseme.

Mwanao,
Yvette

*

Misiera, 23 Aprili 2025

Mwanangu Yvette,

Bwana amefufuka! Mlisherehekeaje Pasaka huko? Sisi tuliimba mpaka saa nane mchana, na mchungaji alipomaliza kuhubiri akakumbuka jambo lingine, akaanza upya. Nyumbani tulikula wali na sambaza, wale samaki wadogo. Vanessa alivaa gauni la njano. Amerefuka, magoti yanaonekana, nitamshonea pindo.

Wiki tatu hatujapata neno lako, nikaona nisisubiri. Ile barua yako ya mwisho niliishika mkononi nikaiona ni nyepesi, nikasema leo hakuna kitu. Kumbe ndani kuna mengi! Vanessa aliisoma muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Kwamba Benitha anauliza kila siku huyo dada yake wa Nakivale atakuja lini. Kwamba Yonatani amesema atamwachia boya lake la bata. Watoto wa watu kumpenda mtoto wangu bila hata kumwona! Nilikaa nikawaza: na sisi tumewapa nini?

Basi nimempa Modeste jogoo. Ni yule mwekundu wa shingo ndefu, unamjua baba yake. Nimemwambia asikukabidhi wewe, amkabidhi Madamu mkononi, aseme ni salamu za Vanessa kwa Benitha na Yonatani. Zawadi ya heshima haiingii kwa mlango wa jikoni.

Sasa nieleze wewe, maana mimi sielewi. Mtoto amelia tangu jana. Mara jogoo ni mgonjwa, mara jogoo ataiba chakula cha watu, mara tumpe kuku jike badala yake mwezi ujao. Usiku akanibembeleza mimi bibi yake, "Koko, muache tu Mama ndiye amupokee." Nikamwambia, jogoo ni wangu, na miguu nimeshamfunga. Sikujua anampenda hivyo. Hata sasa anaandika huku anapangusa pua.

Barua hii na jogoo vinakuja safari moja.

Mama yako,
Madeleine

Nimeandika mimi, Vanessa. Mama, mwahi Modeste kwenye geti. Tafadhali.

*

Mbarara, 30 Aprili 2025

Vanessa, mtoto wangu,

Hujambo? Kikohozi hakuna? Ukurasa huu ni wako wewe, usiusome kwa sauti. Wa Koko uko nyuma yake.

Sikumwahi Modeste, barua yako alikuja nayo pamoja na jogoo. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, nikasikia sauti yake getini, na unajua Modeste hajui kuongea taratibu. "Madamu, batu ba Nakivale banakusalimia mingi! Hii jogoo inatoka kwa Vanessa, mutoto wa Yvette. Iko ya Benitha na ya Yonatani." Nilikuja mbio na shuka lililolowa mkononi. Madamu amemshika jogoo miguu, kichwa chini, hajui amfanye nini. Akaniangalia. "Yvette. Wewe iko na mtoto?"

Petro alimkana Bwana, kisha akasikia jogoo akiwika. Mimi wangu aliletwa mpaka getini.

Ningeweza kusema ni mtoto wa dada yangu. Neno hilo lilinijia, sikufichi. Lakini nikakuona wewe umekaa kwenye kigoda, na karatasi yangu mkononi, unaenda kunywa maji. Nikasema, "Ndiyo, Madamu. Ninaye. Anaitwa Vanessa, ana miaka kumi." Nikaingia chumbani, nikatoa picha kwenye Biblia, nikamwekea mkononi.

Siku mbili nilingoja kufukuzwa. Nilipika, nikafua, nikafunga begi langu nikaliweka chini ya kitanda. Jumamosi alinikuta jikoni. "Mwaka muzima unaongopa mimi. Kwa nini?" Nikamwambia alikuwa anataka mtu asiye na mtoto. Akachukua ndizi akala, akasema, "Ongopa mara ingine, unaenda. Huyo mtoto, lete nione yeye siku ya likizo. Kama kazi iko sawa, iko sawa." Ni hivyo tu. Hakucheka wala hakunikumbatia. Jogoo yuko hai kwa sababu Benitha amekataa achinjwe, na sasa anatuamsha saa kumi, Madamu anasonya kila siku.

Vanessa, nilikukana. Nimetafuta neno lingine laini zaidi, sikulipata. Sikukukana kwa sababu nakuonea aibu. Niliogopa kukosa kazi, na baadaye nikaogopa uongo wenyewe. Niliosha nywele za mtoto wa mtu huku zako zinasukwa na Koko mwenye macho mabovu, kisha nikakuandikia habari zake kana kwamba wewe huna masikio. Ulisoma hayo yote peke yako, ukamlinda Koko asinichukie. Mtoto hapaswi kubeba hivyo. Nisamehe.

Tarehe 11 Mei, Jumapili, nimepewa ruhusa. Nakuja mwenyewe, sisubiri likizo. Jumatatu kabla ya mwanga lazima nirudi. Siku hiyo tutatembea sisi wawili, mahali chagua wewe. Pisini sikuahidi, maana umeshaniahidia mengi kwa mdomo wangu.

Mama yako,
Yvette

(Kwa Koko)

Mama, jogoo alifika na Madamu anakushukuru. Tarehe 11 Mei nakuja. Kuna jambo nitakueleza nikiwa nimekaa mbele yako. Usipike mengi.

Yvette

*

Misiera, 7 Mei 2025

Yvette,

Salamu. Tu wazima.

Mtoto amenisomea kurasa zote mbili. Wa nyuma kwanza, halafu akasema, Koko, kuna mwingine, nimeambiwa nisiusome kwa sauti lakini nitausoma. Akausoma. Kisha akaleta barua zako zote kutoka chini ya godoro, ya Machi na ile nyepesi, akanisomea tena kama ulivyoziandika wewe. Nikasikia kumbe ile nyepesi ilikuwa mistari minne.

Nilikasirika Ijumaa yote. Niliongea peke yangu shambani, na hao watu wanaokaa kwa Godeberthe wakaniangalia. Jumamosi nilikumbuka tulivyokimbia Uvira kule Kongo, na yale niliyowaambia watu ili mpite salama mkiwa wadogo. Sitakuuliza kwa nini. Lakini nakuambia hivi, na Vanessa andika kama ninavyosema usipunguze: mtoto huyu si wa kuachiwa Koko mpaka awe mkubwa, halafu uje kuchukua mtu mzima. Safari hii jogoo ndiye anayekuleta. Safari nyingine uje kwa miguu yako mwenyewe, kila mwezi, hata kama ni kulala usiku mmoja. Na nitapika mengi, hunipangii.

Mama yako,
Madeleine

Mama,

Hapa sasa ni mimi Vanessa, Koko amekwenda kuangalia sufuria.

Hujambo? Mimi sijambo. Viatu vinabana sana. Sikusema kwa sababu ulivituma wewe.

Nimechagua mahali. Twende ziwani pale wanapopakua samaki. Koko anasema kuna viboko, tutakaa mbali. Mimi sijui kuogelea lakini nitaweka miguu.

Mwambie Benitha asante kwa kutomchinja jogoo. Nilidhani ningemchukia huyo Benitha. Bado sijui. Siku ya likizo nitamwona.

Koko ameniuliza kwa nini niliongeza maneno yasiyokuwemo. Nikamwambia sijui. Wewe nakuambia. Haikuwa kumlinda Koko peke yake. Sijawahi kusikia mtu akikuuliza kama una mtoto, ukasema ninaye, anaitwa Vanessa. Nilitaka kusikia inavyosikika.

Sasa pale ulipomjibu Madamu getini nimepasoma kwa sauti mara nne, mpaka Koko akasema inatosha.

Mtoto wako,
Vanessa