Kunguni wa Kusingiziwa

Jumatatu, 18 Novemba
Deo anapewa upadre! Deo wa jirani yangu, aliyekojoa kitandani hadi darasa la tano! Imetangazwa jumuiyani, tumemaliza tu rozari. Wenzangu vigelegele. Mimi nikakohoa. Anselm wangu aliingia naye seminari siku moja, na kila mtihani alimpita. Kila mtihani! Halafu akatoka, akafungua duka la simu Mabatini. Chai imenishinda.

Jumatano, 20 Novemba
Mama Deo sasa ni Mama Padre. Mpaka wauza nyanya: "Shikamoo Mama Padre." Naye "marahaba" nyororo, shingo imelala upande. Kinyaa kitupu. Jina hilo nililingoja mimi.

Ijumaa, 22 Novemba
Mama Deo amekuja kuomba wageni wake wa Bukoba, wa sherehe ya upadre, walale kwangu. Ni kweli, Mkuyuni nzima inajua nyumba yangu: vigae hadi jikoni. Nikamwambia vyumba vina kunguni. Kwangu! Kunguni! Mdomo huu.

Jumapili, 24 Novemba
Kanisani benchi langu limebaki wazi pande zote mbili. Baada ya misa mmoja kaniambia nianike magodoro juani. Kumbe Mama Deo amewaomba wanisaidie, maskini mimi. Huruma yake inanuka kuliko dagaa walionyeshewa na mvua.

Jumanne, 26 Novemba
Anselm kaja na bomba la dawa mgongoni. Habari imefika Mabatini! Nikamwambia ukweli. Alicheka hadi akashika mlango. Kisha akatua bomba chini.
"Mama, mimi nilitoka mwenyewe. Deo hajaninyang'anya kitu."
Akaenda zake kwa Mama Deo. Nikachungulia. Yuko uani na wanawake, wananyonyoa senene, wale panzi wa kukaanga, wa karamu, anaimba, mabawa yamejaa kwenye nywele. Kwenye kanzu ya seminari sikuwahi kumwona hivyo, hata siku moja. Nimekaa chini. Nimejichukia.

Alhamisi, 28 Novemba
Nimeenda. Nimesema kunguni hakuna, hawajawahi kuwepo. Mama Deo hakuuliza. Alisogeza kigoda, akanipa ungo. Tukanyonyoa senene mpaka vidole vikawa vya kijani. Kumwita Mama Padre bado sijaweza. 
Mashuka nimeyafua yote, hata yale meupe ya Anselm ya seminari. Wageni watalala kwangu. Wanafika wote Jumamosi, tarehe 7 Desemba.