Kisigino, Bwana au Bibi

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimerudi na hasira. Mteja kaingia dukani, mimi futi shingoni, pini mdomoni, pazia lake mwenyewe limejaa magotini pangu — ananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikatoa pini. "Si huyu unayemwangalia?" Akacheka, akadhani ni utani, akaenda kumtafuta tajiri kule nyuma. Tajiri hajui hata kutunga uzi kwenye sindano!

Nikapika haraka haraka, nikawasha kompyuta. Gemu langu la treni: watu wawili, treni moja. Mmoja anaendesha, mwingine anachochea moto na kufunga breki. Mmoja akikurupuka, wote mtoni. Mimi dereva. Kisigino ndiye wa moto. Ndilo jina alilojiandikia, jingine silijui. Gemu halina sauti ya kuongea, tunaandikiana tu. Leo tumevuka bonde la ukungu bila kupoteza behewa hata moja. Akaandika: "Dereva, una mkono mwepesi." Neno moja tu hilo, nikamsahau mteja na pazia lake.

Jumanne, 8 Julai

Balaa! Nilikuwa kwenye simu na Vifungo — tunashona meza moja dukani, yeye vifungo na pete za mapazia, ndiyo jina likamganda. Nikawa namsimulia habari za Kisigino. "Ananisubiri. Nikichelewa hanikaripii. Jana tulivuka pamoja, raha ilioje!" Nageuka — mume wangu mlangoni, viatu mkononi.

Mtaa mzima unamwita Mwalimu kwa sababu anafundisha watu kuendesha gari. Akaenda kunawa mikono. Akanawa, akanawa, nikadhani anataka kuitoa ngozi. Kisha:

"Huyo anayekusubiri ni nani?"

"Kisigino. Wa kwenye gemu."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui."

Na ni kweli, sijui! Afadhali ningesema uongo wowote, maana hapo ndipo moto ulipowaka. Miezi yote hii, eti sijui? Eti namwona yeye mtoto, au mtoto ni mimi? Nikamfungulia maandishi yetu yote. Akasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, akimtafuta bwana au bibi. Wapi! "Leo nimechoka." "Mgongo unaniuma." "Wa nyumbani kafika, kwaheri." Kiswahili chetu hiki, yeye ni yeye tu. Unaweza kumsema mtu mwaka mzima, msikilizaji asijue kama anavaa suruali au gauni.

"Basi muulize," akasema.

Nikasema siulizi.

Alhamisi, 10 Julai

Kaninunia. Anaongea na redio.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza. Yeye kila Jumamosi anapiga kelele kwa ajili ya wanaume ishirini na wawili wasiojua kama yuko hai. Anamtukana refa kama vile refa amekaa kwenye kochi letu. Mama yake — tunaishi naye, chumba cha uani — anamlilia mwanamke wa kwenye tamthilia aliyepoteza kumbukumbu mara mbili, na mara zote mbili kagongwa na gari lile lile! Hiyo ni burudani. Yangu ndiyo utoto. Yangu ndiyo "mtu mzima wewe, huoni haya?"

Tena mimi sina ubaya na tamthilia. Mpira nao naupenda zile dakika za mwisho, watu wanapoanza kuchanganyikiwa. Lakini kote huko mimi ni mtazamaji. Nisipotokea, mpira unachezwa vilevile. Kwenye treni, nisipotokea treni haiondoki.

Vifungo anasema Kisigino ni mwanamke, anajua kusubiri. Mwalimu kafungua mdomo mara moja tu leo, kusema ni mwanamume: "Angalia anavyofunga breki." Nikamwambia, si wewe unayewafundisha wote breki moja, wanaume kwa wanawake? Akapandisha sauti ya redio.

Ijumaa, 11 Julai

Waya wa kompyuta haupo! Nimetafuta mpaka chini ya godoro. Kumbe Mwalimu kaondoka nao kazini, umo kwenye gari la mafunzo, lile lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Kazi hiyo imemharibu, hata kwenye teksi anakanyaga sakafu akiona kona. Sasa anataka kunikanyagia na mimi. "Ukikubali kumuuliza, waya utarudi." Nimepewa mtihani, mimi!

Imeniuma. Kisigino yuko stesheni sasa hivi na moto wake, ananingoja, hajui kilichonipata.

Mbona siulizi? Neno moja tu, yaishe. Vifungo kaniuliza hivyo leo, sindano ikanichoma. Sasa najua. Kila mahali watu wananijua kabla sijafungua mdomo. Mke wa Mwalimu. Mkwe wa Mama. Msaidizi wa fundi, wakati fundi ni mimi. Kwa Kisigino mimi ni dereva. Basi. Nikimuuliza ataniuliza na yeye, na kuanzia hapo tutachaguliana maneno. Hata mimi sasa natamani kujua — Mwalimu ameniambukiza! — lakini siulizi ng'o.

Jumamosi, 12 Julai

Waya wa televisheni na waya wa kompyuta ni pacha!

Nimeuchomoa ule wa televisheni mchana. Mpira saa kumi na moja. Mwalimu kabonyeza rimoti. Kabadilisha betri. Kaipiga televisheni kofi mgongoni. Mimi chumbani na treni yangu, mlango nimefunga. Kisigino kaandika, "Jana nilikaa stesheni peke yangu. Nilidhani unaumwa." Nikajibu, "Siumwi. Nimeibiwa waya." Kacheka kwa maandishi, hahaha tatu. Mara Mwalimu akaugundua ukuta mtupu nyuma ya televisheni. Nimeitwa majina ambayo siandiki.

Jumapili, 13 Julai

Mama kaitisha kikao. Kanga kiunoni, kasimama mbele ya televisheni iliyokufa. Nikajua leo nafungashiwa virago. Kumbe shida yake ni nyingine: leo yule mwanamke wa tamthilia anakumbuka!

"Rudisha waya wa mwenzio," kamwambia mwanawe.

"Mama, hujui alichofanya—"

"Najua saa. Bado robo."

Mwalimu kaenda kwenye gari na kandambili. Nilijibana nisicheke. Waya zote mbili zikarudi mahali pake. Kisha Mama kanivuta pembeni, mdomo sikioni: "Ila mkwe wangu, baina yetu tu. Ni wa kiume, eeh?" Hata wewe, Mama!

Jumanne, 15 Julai

Leo mteja wa Jumatatu ile karudi kuchukua pazia. Kalisifu. Kamshika mkono tajiri. Nilitaka kumrukia.

Jumatano, 16 Julai

Naandika huku treni inajaza maji, nina nafasi kidogo. Mbele yetu ule mteremko. Tumeshaanguka hapo mara nyingi.

Mwalimu kawahi kurudi, kavuta kigoda, kaketi ubavuni pangu. "Natazama tu." Haya, tazama. Kisigino kachelewa. Dakika zikienda, nikamwona Mwalimu uso unaanza kumchangamka. Mara ujumbe:

"Samahani, dereva. Hapa kwangu kuna kesi. Wa nyumbani kasoma maandishi yetu, anataka nikuulize wewe ni bwana au bibi. Nimemjibu wewe ni dereva. Kaninunia."

Mwalimu kasoma. Kasoma tena, kidole kwenye kioo. "Wa nyumbani — ni mume wake au mke wake?"

Nimecheka mpaka machozi! Yeye hakucheka. Kakaa, anajikuna shingo.

"Hakukuuliza."

"Hakuniuliza."

"Na wewe humuulizi."

"Simuulizi."

Kisha kasema tena, lakini safari hii pole pole, kama mtu anayeomba maji: "Muulize tu, mke wangu. Nilale." Hapo ndipo penye kazi. Angefoka ningemjibu, majibu yamejaa tele. Hili la kuomba limenikata maini. Namwonea huruma, na bado sitaki, na yote mawili ni kweli.

Kisigino anaandika: "Moto tayari. Tushuke?"

Mwalimu anautazama mteremko. "Mkali huo. Breki ziko kwa nani?"

"Kwa Kisigino."

Chini ya meza mguu wa kulia wa Mwalimu umeshaanza kukanyaga sakafu, wenyewe, na hajui kama nimeuona. Anavitazama vidole vyangu, anangoja viandike nini. Maji yamejaa. Kisigino tena: "Dereva, upo?"

Nipo —